Mtu wa Picha na Kichwa cha Mama

Mjini Nyeri tulimwita Mtu wa Picha, na haukupita muda bila mgeni mmoja kupanda zile ngazi akiwa amevaa koti, amechana nywele, anataka picha ya pasipoti. Mtu wa Picha alimtazama kutoka kichwani hadi viatuni, kisha akamwambia kwa upole, "Vua shati ulale hapo, lakini nitakutolea picha ya maini." Mgeni alishuka mbio. Mimi nilikuwa chini ya ngazi na nguo zangu za kuuza, na mtu anayeshuka mbio hanunui kitu. Kila mzaha wake ulinitia hasara.

Yeye alikuwa juu na mashine ya kupima wajawazito, mimi chini na mitumba ya watoto wachanga: sweta, kofia, shali, na zile soksi ndogo ambazo nikizihesabu huwa kamili na nikizirudia moja imetoroka. Katikati yetu kulikuwa na duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi, wenye jengo, ambao walituvumilia sote wawili kwa sababu tulilipa kodi mapema. Sikuchagua mahali pale kwa bahati. Mama akishuka kutoka kwa picha baada ya kuambiwa kila kitu kiko sawa, mkono wake hauna breki. Hapo humuulizi anataka nini. Unamfunulia tu.

Taabu ilikuwa moja: Mtu wa Picha hakusema kama mtoto ni msichana au mvulana. Hakusema kwa mama, hakusema kwa baba, hakusema kwa mchungaji aliyekuja na Biblia na mkewe. Kwa hiyo wote walishuka wakitaka rangi isiyokosea. Niliuza manjano mpaka nikadhani mji mzima una homa yake. Rangi ya waridi ilikaa kwenye gunia, na bluu ikawa mto wa kukalia.

Siku moja nilipanda kuzungumza naye kibiashara.

"Jirani," nikamwambia, "mimi sitaki useme. Wewe kohoa tu. Akiwa msichana, kohoa. Akiwa mvulana, piga chafya. Nitasikia kutoka chini."

"Na nikiwa na mafua?"

"Siku ya mafua tutauza manjano."

Akaniambia nishuke polepole, ngazi zina maji. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kukataa.

Baadaye nilijua chanzo. Kabla ya kuja Nyeri alifanya kazi upande wa Kangema, kule kwenye majani chai, na wakati huo alikuwa na mdomo kama watu wengine. Alimwambia baba mmoja mwenye wasichana watupu kwamba safari hii ni mvulana. Yule baba akaita wakwe, akachinja kondoo dume aliyenona, watu wakala na kuomba. Mtoto akazaliwa msichana, mzima kabisa, na sauti ya kwaya. Wiki hiyo yule baba aliingia chumba cha picha na ngozi ya kondoo kwapani, akaitandaza juu ya meza, akasema, "Lipa."

"Ulilipa?" nikamuuliza.

"Nusu."

"Kwa nini nusu?"

"Karamu nilialikwa. Nilikuwa nimekula mguu mmoja."

Tangu hapo alikuwa na msemo wake, na aliusema hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza: "Mashine haina maoni." Ukimuuliza kama mvua itanyesha, mashine haina maoni. Ukimuuliza nani atachukua kiti cha ubunge, mashine haina maoni. Akina baba walipenda sana kuinama karibu na kile kioo cha mashine na kuuliza, "Daktari, si anafanana nami?" Aliwajibu, "Mimi si daktari. Na huyu bado hajazaliwa, msimtwike mzigo."

Kwa watu waliokwisha kuzaliwa alikuwa mkavu kama biskuti ya duka la jana. Lakini kwa wale wa tumboni! Mlango wake haukufunga vizuri, na sauti ilishuka ngazi mpaka kwangu. "Geuka kidogo, bwana. Usinipe mgongo, sijakukosea. Haya, miguu nimeiona, asante. Sasa moyo. Moyo wako uko wapi, bwana? Ahaa. Unakimbia kwenda wapi na hakuna anayekufukuza?" Wote aliwaita bwana ili asijisaliti. Niliwahi kusikia mama mmoja akishuka na kumwambia mwenzake kwamba mumewe hajawahi kuongea naye hivyo hata wakati wa uchumba. Alinunua shali bila kuuliza bei. Nililazimika kuitaja mwenyewe.

Ile jeli wanayopaka tumboni aliipasha moto. Nyeri mwezi wa Julai si mji, ni friji yenye kanisa, na jeli ikitoka kwenye chupa ni barafu. Kwa hiyo alikuwa na sufuria ya maji ya moto kando ya mashine, chupa imesimama ndani kama mtoto anayeogeshwa. Wagonjwa wageni walidhani ni chai. Mzee mmoja aliyemsindikiza binti yake alijimiminia kikombe, akaonja, akarudisha kikombe kwa heshima. Alipoulizwa akasema haikuwa mbaya, ilikosa tu sukari.

Jambo lililoniudhi kuliko yote ni kwamba hakujua kununua. Alishuka siku moja kutaka sweta ya mtoto wa dada yake. Nikamtajia bei ya kufungulia, ile bei ambayo hata mimi mwenyewe siiamini, niliyoiweka pale ili tuanze safari. Akatoa pesa akalipa. Akaondoka! Nilibaki nimesimama kama mtu aliyeibiwa. Mtu akikulipa bei ya kwanza amekuachia maswali: kwani ningetaja ngapi? Nilimfuata mpaka juu nikamrudishia kiasi, akakataa, nikakasirika, na kwa siku kadhaa hatukusalimiana vizuri kwa sababu ya pesa ambayo kila mmoja alitaka iwe ya mwenzake.

Sura za watu hazikumkaa kichwani. Alikumbuka kilicho ndani tu. Nilikuwa naye mbele ya bucha pale sokoni mama mmoja alipomsimamisha. "Daktari! Kwani umenisahau?" Mtu wa Picha alimtazama usoni, wapi. Akashusha macho tumboni, akafikiri. "Kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini sana." Muuza nyama akashikilia shoka hewani. "Ndiyo mimi," mama akasema. "Lilipanda?" "Lilipanda." "Basi nakukumbuka. Habari ya siku nyingi?"

Alikuwa mzee wa kanisa, na alichekelea mila. Hasa ile yetu ya majina. Kwetu mtoto wa kwanza wa kike anaitwa jina la mama yake baba, na hilo halijadiliwi. Na si jina tu. Yule mtoto ni yule bibi amekuja mara ya pili. Baba mtu mzima atamwita bintiye mchanga "mama", atamwamkia, na akimchapa atasikia watu wakimuuliza anampigaje mzazi wake. Mtu wa Picha alisema, "Nyinyi mnarudisha watu kama chupa za soda." Lakini binti yake wa kwanza nilikuja kujua aliitwa jina la mama yake yeye Mtu wa Picha, na alipomtaja alishusha sauti.

Mama yangu mimi anaitwa Wangui, wa kijiji cha Wamagana. Nilichelewa kuoa, na miaka hiyo yote alinikumbusha kwamba yuko kwenye foleni. "Wenzangu wote wamezaliwa," aliniambia. "Wengine wamezaliwa mara tatu. Mimi nazeeka nikiwa nimesimama." Nilipomwoa Nyambura, Mama alikuja harusini na uzi wa kufuma kwenye mkoba. Nyambura aliposhika mimba, sweta ilikuwa tayari. Ya rangi ya waridi.

"Mama, hatujui kama ni msichana," nikamwambia.

"Mimi najua mahali niko."

Kliniki ilipomwambia Nyambura apigwe picha, mimba imefika katikati, nilipanda ngazi kwa mara ya kwanza kama mteja. Nilijaribu kupunguziwa bei kwa ujirani. Mtu wa Picha akasema jirani angefaa kuongezewa, kwa sababu ya kelele. Nyambura akalala, jeli ya moto ikapakwa, kifaa kikaanza kupita tumboni, na ile sauti niliyoizoea kuisikia kutoka chini ikaanza kwa wangu.

"Karibu, bwana. Baba yako ni mtu wa makelele lakini hilo si kosa lako. Geuza kichwa. Hivyo hivyo. Sasa..."

Akanyamaza.

Watu wengine wakiona jambo husema. Huyu alinyamaza. Nyambura akanitazama. Nikatazama kioo, ambacho kwangu kilikuwa ukungu wa asubuhi wa Mlima Kenya na vivuli ndani yake. Kifaa kilikwenda, kikarudi, kikasimama. Sufuria ya jeli ilikuwa ikitoa mvuke.

"Nimeona vifuko viwili vidogo vya maji," akasema mwishowe. "Ndani ya ubongo. Kimoja kila upande."

Nyambura akashika mkono wangu kwa nguvu ya kubeba gunia.

Hapo Mtu wa Picha alifanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya: alikigeuza kioo kitutazame kabisa, akavuta kiti, akakaa. Akaeleza kwa maneno ya nyumbani. Ndani ya ubongo kuna mahali panapotengeneza maji ya kuuosha. Wakati mwingine mtoto anapokua, maji kidogo yananaswa, yanakaa kama povu kwenye unga wa mandazi. Povu lenyewe halimdhuru mtoto, wala halimpunguzii akili. Karibu kila mara linapotea lenyewe kabla ya kuzaliwa, na mama asingejua kama lilikuwepo, kama hangepigwa picha.

"Basi mbona umekaa?" Nyambura akauliza. Mke wangu haongei sana, lakini akiuliza, ameuliza.

"Kwa sababu lazima nijue kama liko peke yake. Povu peke yake si kitu. Povu pamoja na moyo mbaya, au mikono mibaya, huo ni ugonjwa mwingine, na ni mzito. Sasa nitaangalia kila kitu, na nitawaambia nikionacho."

Akaangalia. Moyo, vyumba vyote vinne. Nikavihesabu naye, nikavirudia. Mgongo. Tumbo. Nyayo. Mkono wa kulia ulikuwa umefunguka, vidole vimetawanyika kama mtu anayeaga. Mkono wa kushoto ulikuwa ngumi. Akangoja. Akagusa tumbo kidogo. Ngumi.

"Huyo ni wangu," nikasema. "Hafungui mkono kabla bei haijaelewana."

Hakucheka. Nyambura naye akaniambia, bila kunitazama, "Wacha." Ndipo nikaelewa kwamba ile ngumi ndiyo tuliyokuwa tukiingojea.

"Mkono usiofunguka kabisa ni mojawapo ya dalili za ule ugonjwa mzito," Mtu wa Picha akasema. "Mkono uliofungwa tu kwa sasa ni mkono wa mtoto yeyote. Siwezi kuandika nilichokiona nusu. Nendeni mkatembee. Mama anywe kitu kitamu na baridi, mtoto achangamke."

Tukatembea. Nyambura alikunywa soda mbele ya duka, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati, yeye akitetemeka na kunywa, mimi nikisema na tumbo lake kama mwendawazimu: fungua, fungua tu kidogo, nani atakunyang'anya? Tuliporudi, ngumi. Nyambura alilala ubavu mwingine. Ngumi.

"Rudini Jumanne," akasema. "Daktari wenu nitamwandikia kuhusu povu. Mkitaka vipimo vikubwa zaidi, vipo hospitali kubwa na nitawaelekeza. Ila mimi ningengoja Jumanne."

"Na usipofunguka Jumanne?" Nyambura akauliza.

"Jumanne ndiyo tutaongea juu ya Jumanne. Mama, sitakuuzia hofu ambayo haijafika dukani."

Kosa lilikuwa kumpigia Mama simu. Lakini ningefanya nini? Aliuliza mwenyewe, kwa sababu alijua siku ya picha kuliko tulivyojua sisi. Nilijaribu kusema kwa adabu.

"Mama, kila kitu kiko sawa, isipokuwa wameona maji kidogo kichwani."

"Kichwa cha nani?"

"Cha mtoto."

"Mtoto anaitwa nani?"

"Mama..."

"Nakuuliza, anaitwa nani?"

"Wangui."

"Na Wangui ni nani?"

Nikaona nilipokuwa napelekwa, na hakukuwa na kona ya kukatia. "Ni wewe."

"Kwa hivyo kuna mwanaume huko Nyeri amekaa mbele ya watu akasema ati mimi niko na maji kwa kichwa."

Ni lazima mwelewe kichwa cha mama yangu kwetu ni kitu gani. Kikundi chao cha akina mama kule Wamagana hakijawahi kuweka chochote kwenye karatasi. Kiko kwa kichwa cha Wangui: nani alichanga, nani alileta sukari nusu, nani alikosa mazishi ya nani na akasema nini. Wanaume wakigombania mpaka wa shamba humwita akumbuke mti uliokatwa zamani ulikuwa wapi. Na sasa mashine inasema kichwa hicho kinavuja.

Siku ya Jumanne Mama alifika mapema kuliko tulivyomtarajia, kwa nguo za Jumapili, kitambaa kimefungwa kichwani kama kofia ya vita. Alipita mezani kwangu bila hata kushika nguo kuona kama ni nzuri, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nikamfuata juu, Nyambura nyuma yangu.

"Wewe kijana ndiye umeniona na maji?"

Mtu wa Picha, mwenye mvi zake, akasimama. "Mama, sijawahi kukuona."

"Ndiyo nakuambia! Hujawahi kuniona, na unanisema!"

"Mama, tulia kidogo..." nikaanza.

"Wewe nyamaza, nitakuja kwako." Akakaa juu ya kitanda cha wagonjwa, akafungua kitambaa. "Pima hii ya kwangu kwanza. Ikikuwa safi, hiyo ya ndani itakuwa safi, kwa sababu ni moja. Na ikikuwa na maji, basi ni maji ya ukoo. Mimi nimeishi nayo miaka yote hii na sijapungukiwa. Tutaizoea."

Nilingoja afukuzwe. Mtu huyu aliyemcheka kila anayerudisha majina kama chupa, aliyemtuma mchungaji nyumbani mikono mitupu, nilingoja amwonyeshe mlango. Yeye akaenda kwenye sufuria, akatoa chupa, akaipangusa.

"Nitapima, Mama. Lakini nitasema tu nilichokiona."

"Sikuja kuuliza kingine."

Akampaka jeli kwenye paji la uso. Mama akafumba macho kama anabatizwa. Kifaa kikapita huku na huku, taratibu, bila mzaha hata kidogo. Kioo kilikuwa cheusi.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu."

"Maji?"

"Sioni maji, sioni kitu chochote. Mfupa wa mtu mzima ni mnene. Mashine hii haiwezi kuupita."

Mama akafungua jicho moja. "Imeshindwa?"

"Imeshindwa."

Akanigeukia, jeli ikimteleza kwenye nyusi. "Umesikia? Mashine ya serikali imeshindwa na kichwa yangu."

"Si ya serikali," nikasema.

"Imeshindwa." Na habari hiyo, nakuhakikishia, ilifika Wamagana kabla yake, na mpaka leo ukipita huko utaambiwa.

Akajipangusa, akatulia. Kisha akauliza kwa sauti nyingine, ya mtu aliyemaliza vita na sasa anataka kujua, "Na hiyo ya mtoto mbona iliingia?"

"Mfupa wake bado ni mwembamba."

"Kwa hivyo bado anajengwa."

"Bado anajengwa, Mama."

"Ukiingia kwa nyumba inajengwa, si lazima ukute maji sakafuni?"

Mtu wa Picha akafikiri juu ya hilo. "Wakati mwingine," akasema. "Sasa ondoka hapo, mwenye zamu alale."

Nyambura akalala. Na hapo mzaha wote ulitoka chumbani ukafunga mlango nyuma yake. Vile vifuko vilikuwepo bado. Moyo ulikuwa mzuri. Kifaa kikatafuta mkono wa kushoto, kikaupata, na ulikuwa ngumi, ndogo, imekaza chini ya kidevu. Mtu wa Picha alisema "bwana" mara moja, kisha hakusema tena. Niliona jasho juu ya mdomo wake, katika baridi ile. Nyambura alikuwa amefumba macho na midomo yake inakwenda bila sauti. Sijui tulikaa muda gani. Mimi ambaye huhesabu kila kitu, muda ule sikuuhesabu.

Mama akasogea mbele ya kioo, akauinamia ule ukungu kama anayechungulia chunguni.

"Ngumi ni hii?"

"Ni hiyo."

"Wangui!" akaita, kwa sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Chupa ya jeli ilitikisika kwenye sufuria. "Wangui! Mimi tangu nizaliwe sijawahi kukunjia mgeni ngumi. Unaniaibisha mbele ya watu. Fungua mkono!"

Tumbo la Nyambura liliruka. Alishtuka yeye, akashtuka mtoto, sote tulishtuka. Na pale kwenye kioo kidole kimoja kikanyooka. Kingine kikafuata, kama kisichotaka kuachwa. Kidole gumba kikatoka ndani kilikokuwa kimejificha, na mkono wote ukafunguka wazi, ukakaa hivyo, kiganja kwetu.

Mtu wa Picha akakamata ile picha. Akahesabu vidole kwa sauti. Nikavirudia. Akavirudia tena bila mimi kumwomba.

"Asante, bwana," akasema.

"Bwana nani?" Mama akafoka. "Huyo ni mimi!"

"Angefungua hata bila kelele, Mama."

"Ungengoja mpaka lini?"

Nyambura alikuwa analia na kucheka, Mtu wa Picha akimpa karatasi ya kupangusia jeli, akimpa nyingine, akimpa rundo zima, akisema, "Peke yake. Povu liko peke yake. Haya, pangusa." Hakujua kama ni za machozi au za tumbo, na karatasi zikaenda kote kote.

Tulirudi tena mimba ilipokua zaidi. Alitafuta sana, akatafuta kutoka upande wa pili, akasema povu halipo tena. Nikamwambia aangalie mara nyingine, kwa usalama wa hesabu. "Sifuri mara mbili ni sifuri," akasema, lakini aliangalia. Bei hakupunguza.

Wangui alizaliwa, msichana, kama yeye mwenyewe alivyosema. Anasema kabla ya jua na baada ya jua. Nikimkemea, Mama hunipigia simu kuuliza kwa nini ninamjibu mzazi.

Mtu wa Picha aliacha kazi mwaka uliofuata. Mahali pake pana kijana mwenye mashine mpya, anayesema msichana au mvulana kabla mama hajalala vizuri, na kutoa picha yenye maua pembeni. Waridi yangu imeisha kwenye gunia. Bluu nayo nimeinyanyua kwenye kiti. Sina malalamiko ya kibiashara.

Nilimwona mara ya mwisho Naro Moru, siku ya soko. Nilikuwa nimepeleka mzigo wa sweta za wabebaji mizigo ya mlimani, na Wangui alikuwa pamoja nami kwa sababu mama yake alikuwa kliniki na mimba ya pili. Kando ya barabara mzee mwenye gambuti za mpira alikuwa ameketi nyuma ya lundo la karoti, anamtajia mteja bei ya chini kuliko ile mteja mwenyewe aliyoitaja. Nikaingilia kati nikaiokoa biashara. Mteja alipoondoka, mzee akasema bila kuinua kichwa, "Hiyo ni ile kelele ya chini ya ngazi."

Tukasalimiana. Ana shamba huko, na mke wake alikuwa nyuma akiosha karoti kwenye karai. Nikamsukuma msichana wangu mbele.

"Huyu ndiye."

"Ndiye nani?"

"Vifuko viwili. Mkono wa kushoto."

Akasimama. Ilimchukua muda, magoti si yale tena. Akaanza kuvua kofia, akaona ni mtoto tu, akaivua hata hivyo.

"Guka," Wangui akamwuliza, kwa vile kila mzee kwake ni babu, "hizi karoti zote umezila peke yako?"

"Zingekuwa hapa kama nimezila?"

"Basi kwa nini wewe ni mnene hapa tu?" Akamwonyesha tumboni.

Mtu wa Picha alijishika tumbo, akamtazama kwa uzito, akamwambia kwa ile sauti ya ghorofani kwamba hilo ni shauri la madaktari. Wangui akacheka, kile kicheko chake cha kurusha kichwa nyuma. Na mzee akasogea. Akainama, mikono juu ya magoti, mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto. Kwenye shavu la kushoto, mtoto akicheka, kuna kishimo. Kimoja tu, upande mmoja.

"Hiki kimekuwepo tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu azaliwe."

"Hiki sikukiona." Akamkaribia zaidi. "Nilikuangalia kila mahali, wewe. Kila mahali. Hiki sikukiona hata kidogo."

Wangui akaona kitu kimempendeza mzee, akacheka tena kwa makusudi, mdomo wazi. Mtu wa Picha akageuka bila kunyooka mgongo, akamwita mkewe kwenye karai.

"Acha hizo karoti! Njoo uone. Njoo haraka, bado anacheka."